Dhahabu Inaning'inia Rusizi, Nimeigusa!

Jamani, jamani, jamani! Chai itapoa, iache ipoe, nisikilize kwanza. Wewe unamjua buibui? Hapana bwana, humjui. Unayemjua ni yule wa kufagiwa kwenye kona ya dari Idi inapokaribia, tena unamfagia huku umefumba jicho moja. Mimi nakuletea habari za wafumaji wa tando za mviringo, mafundi wenyewe, mabingwa, waliotanda ukingo wote wa Rusizi mvua hizi, wakubwa, wembamba, wanene, wa miiba, wa milia, wenye madoido ya ajabu kabisa kabisa, na nimerudi sasa hivi, vidole bado vinanata, wallahi siwezi kutulia kitini!

Na wala si mbali. Unatoka Buja, Bujumbura yetu hapa Burundi, kwa njia ya Gatumba, ile inayokwenda mpaka wa Kongo, unaingia hifadhi ya Rusizi pale mto unapojimwaga ziwa Tanganyika. Watu wote huenda kule kwa ajili ya viboko. Na mamba, maana Gustave, lile dubwana lililosimuliwa dunia nzima, mpaka leo halijatoka midomoni mwa watu. Haya, kiboko ni mkubwa, anapiga miayo, anazama, basi, umemaliza. Mimi viboko niliwapa mgongo na sijuti hata kidogo. Kwa sababu palepale kando ya njia, usawa wa uso wangu, ulikuwa umetandazwa utando kutoka tete hadi tete, umelowa umande, mpana kushinda mikono yangu ikiwa wazi, na jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya milima ya Mumirwa. Likaupiga. Utando wote ukawaka njano! Njano ya dhahabu, dhahabu ya duka la sonara, ndani ya matope na matete, na hakuna aliyeniambia miaka yote hii kwamba kitu hicho kipo. Mlikuwa mnanificha nini?

Mwenyewe yumo katikati, kichwa chini, jike, mrefu, mtulivu, tumbo la rangi ya fedha lenye madoa ya njano, miguu yenye pete, ukimpima na miguu yake anakaribia kujaza kiganja. Wataalamu wanamwita Trichonephila. Mimi nilimwita Malkia, palepale, kwa sauti, na kiongozi aliyenisindikiza akanicheka mpaka akainama.

Sasa ngoja. Nikagusa.

Nilianza na uzi wa nje, ule unaoshikilia utando kwenye tete. Mkavu! Umekazwa, mgumu, una ukaidi usioingia akilini kwa kitu chembamba namna ile. Nikausukuma kwa ncha ya kidole, nao ukanisukuma. Kweli kabisa, unauhisi unajibu. Halafu nikaenda kwenye nyuzi za kuzunguka, zile za duara, na huko ndiko kwenye ulimbo. Kidole kikanasa. Nikavuta, uzi ukafuata. Nikavuta tena, ukarefuka, ukarefuka, ukarefuka, nikadhani sasa unakatika, wapi! Nilipouachia ukarudi mahali pake, haukulegea, haukuning'inia, umenyooka vilevile. Nikatoa simu, nikaisogeza karibu kabisa, nikaona kumbe ulimbo haukupakwa uzi mzima: umekaa matone matone, madogo sana, yamepangwa kwa nafasi sawasawa kama shanga za kiunoni za bibi harusi, na kila tone linang'aa peke yake. Nilitaka kupiga kigelegele. Nikapiga.

Na hapo ndipo unapoielewa akili ya mpango mzima. Zile nyuzi zilizonyooka kutoka katikati kwenda nje hazinati. Hizo ni njia zake za kupita na simu zake za kupokea habari. Zinazonata ni za duara tu. Mdudu akigonga, mtikisiko unasafiri kwenye nyuzi zilizonyooka mpaka miguuni mwake, naye anajua aliyenasa yuko upande gani, na ni mzito au mwepesi, hata kabla hajageuka. Macho anayo manane lakini kazi hii haimhitaji kuona. Ni kugusa tu. Nilichukua jani kavu la nyasi nikautikisa utando pembeni taratibu, akageuka pale pale, akavuta nyuzi mbili tatu kupima, akanipuuza. Alishajua ni upuuzi. Nilidharauliwa na buibui na nikafurahi!

Na bado! Ukishazoea kumtazama Malkia, shusha macho. Kando ya utando huohuo wamo wadogo wengine wa rangi ya fedha tupu, mithili yao hakuna, wanang'aa mpaka unadhani ni umande uliobaki. Hao ni Argyrodes, wezi wa jumla na rejareja, hawafumi utando wa kutegea. Wanaishi humohumo kwa mwenyeji na kula mabaki na vidudu vidogo asivyojishughulisha navyo. Na kuna wengine wekundu-wekundu, wamejibana juu kule, nikadhani ni watoto. Kumbe ni madume! Mume ndiye yule! Milimita chache tu, na mke sentimita tatu na zaidi mwili peke yake. Anakaa pembeni siku nzima akisubiri mama awe ameshughulika na chakula ndipo ajitokeze kidogo. Nilimwonyesha dada yangu picha, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema, "Ningempata wa hivyo ningepumzika." Haya.

Ukishuka kwenye maji yenyewe, mahali matete yanapochovya miguu, wapo Tetragnatha, wembamba kupindukia, wenye taya ndefu za kutisha, wanaotega tando zao zimeinama juu ya maji ambapo mbu na usubi wanapanda. Kiongozi alikuwa ananionyesha, mimi sioni. "Huyo hapo." Wapi? "Hapo." Wapi jamani? Amejinyoosha juu ya jani la tete, miguu minne mbele, minne nyuma, amekuwa tete. Alipokimbia ndipo nilipomwona, na nikapiga kelele ambayo bila shaka viboko waliisikia.

Lakini sikiliza, usije ukadhani lazima upande gari. Kilichonimaliza kabisa, kilichonifanya nikose usingizi, nimekiona uani kwa dada yangu, Buyenzi, katikati ya mji, chini ya taa ya ukutani, watoto wanakimbizana na mtu anachoma mishikaki barazani. Magharibi imeshaadhiniwa, giza linaingia. Akatoka buibui wa rangi ya vumbi, mnene, mwenye manyoya, wa jamii ya Neoscona, ambaye mchana kutwa amejikunyata kwenye mwanya wa bati wala hakuna anayemjali. Akasimama ukingoni, akainua tumbo, akaachia uzi kwenye upepo. Basi. Anasubiri. Uzi unapepea, hauonekani, unaukuta tu pale taa inapoupiga, na ghafla ukanasa kwenye kamba ya kuanikia nguo upande wa pili. Akauvuta, ukakaza. Daraja limeshajengwa! Halafu akatembea mpaka kati, akajishusha chini kwa uzi mwingine, na hapo ukapata kitovu cha utando. Kutoka hapo anakwenda nje, anarudi kati, anakwenda nje, anarudi kati, kila safari ameacha uzi mmoja ulionyooka, na anachagua pa kuweka uzi unaofuata kwa kupapasa na miguu ya mbele, anapima, anakaza, anaendelea.

Na bado! Akaanza kuzunguka kutoka kati kuelekea nje, mizunguko michache mipana. Nikasema haya, kumbe ndio mwisho. Siyo! Hiyo ni ngazi ya muda tu, jukwaa la fundi. Alipofika nje kabisa akageuka, akaanza kurudi ndani akiweka sasa ule uzi wenyewe, wenye ulimbo, umebanana, mzunguko baada ya mzunguko baada ya mzunguko, na huku anaikata ile ngazi ya muda kila anapoifikia. Miguu ya nyuma inavuta uzi, inaubandika, inavuta, inaubandika, tak, tak, tak, hana hata sekunde ya kujikuna. Watoto waliacha kukimbizana. Mchoma mishikaki alikuja na koleo mkononi. Saa nzima haikufika, utando umekwisha, mzima, umenyooka, umesimama hewani pale ambapo, tulipokuwa tunakunywa chai, palikuwa patupu! Hakuna aliyepiga makofi kwa sababu tuliogopa kumkatiza, lakini mioyoni tulipiga sana.

Nikaamka kabla ya alfajiri kumwangalia tena. Nimekuta anaula. Anaula utando wake! Anaukusanya, anaukunja, anaumeza, malighafi inarudi tumboni kwa ajili ya kufuma kesho. Kisha akarudi kwenye mwanya wake wa bati, akajikunyata, akawa vumbi tena. Fikiria miaka uliyolala chini ya bati la namna hiyo na hukujua kama juu yako kuna shoo kila usiku.

Bibi wa nyumba ya jirani, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatutazama kwa jicho la huruma, akasema yeye hajapata kuua buibui maishani na hataruhusu auawe mbele yake. Unakijua kisa, kila mtoto wa madrasa Buyenzi anakijua: pango la Thawr, Mtume na Abubakar ndani, wanaowasaka nje, na utando mlangoni uliowafanya wageuke waende zao. Na sura ya 29 ya Kurani ina jina lake, Al-Ankabut. Bibi akaongeza kwamba vijana wa siku hizi wanapulizia dawa ya mbu mpaka wanamuua anayekula mbu. Hapo alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Twende, twende, tusichelewe, maana bado sijakwambia kuhusu ua. Ukipita sehemu zenye nyua za minyaa, zile za kijani zenye maziwa yanayowasha, tazama ndani. Utaona mahema! Mahema ya hariri, moja juu ya jingine, mji mzima. Huyo ni Cyrtophora, ambaye ameamua kwamba utando wake ulale chali badala ya kusimama, uwe na matundu madogo sana, usiwe na ulimbo hata chembe, na juu yake aweke vurugu ya nyuzi za kila upande. Mdudu anagonga zile za juu, anapoteza mwelekeo, anaanguka kwenye hema, mama anamsubiri chini. Nilitandaza kiganja nikagusa hema kwa juu: laini, kavu, linadunda kidogo. Na vifuko vya mayai amevitungika katikati kwa mstari mmoja wima. Jirani yake kagusana naye nyuzi, na jirani wa jirani pia, wala hawagombani sana. Wapangaji wa Buja tungejifunza kitu, lakini sisemi.

Kwenye miembe, angalia juu kidogo, kwenye uwazi kati ya matawi. Kuna kadude kama ukucha wa kidole gumba, kapana kuliko kalivyo karefu, kana ganda gumu linalong'aa na miiba sita imechomoza pembeni. Gasteracantha! Ukikagusa ganda ni gumu kweli, kavu, halibonyei. Na kwenye nyuzi zake amepachika vijipamba vyeupe vyeupe, huku kimoja, huku kimoja, sijui ni mapambo sijui ni alama ya barabarani. Nilikatazama mpaka shingo ikauma, na sikumaliza hamu.

Halafu yule wa kwenye majani marefu, Argiope. Huyu ni wa kujionyesha, hana haya hata kidogo. Mweusi, njano, fedha, milia ya kukata na shoka. Anaunganisha miguu miwili miwili na kukaa katikati akiwa amechora X kamili, na kama hiyo haitoshi, anashona utepe mnene mweupe wa kwenda zigizaga kwenye utando wake. Kwa nini? Wataalamu wanabishana mpaka leo! Kuna wanaosema unawavuta wadudu, kuna wanaosema unawazuia ndege wasiupitie utando, kuna wanaosema ni wa kumficha mwenyewe. Mimi nasema ni umaridadi, na nimemaliza. Nilimpulizia pumzi, kidogo tu, ah! Akaanza kuutikisa utando mbele nyuma, mbele nyuma, kwa kasi mpaka akawa ukungu, akapotea, na mimi nimesimama mdomo wazi. Akatulia. Nikampulizia tena. Usinihukumu, nawe ungempulizia.

Na wa ndani ya nyumba? Yupo! Chungulia nyuma ya kabati, dirishani mahali pasipofagiliwa. Uloborus, mdogo, wa kahawia, miguu ya mbele ina vijishungi vya manyoya, na huyu, shikilia kikombe chako, hana sumu. Hana kabisa! Jamii yake yote haina tezi za sumu. Anachofanya ni kufunga. Anamvingirisha aliyenasa kwa hariri, anavingirisha, anavingirisha, anabana, anavingirisha tena, mpaka ndani hamna wa kufurukuta. Na utando wake hauna ulimbo: uzi ameuchana kwa kitana kidogo kilichoko mguuni mwake, ukawa sufi nyembamba inayoshika miguu ya mdudu kwa unyuzi-unyuzi wake. Nilipougusa haukunata, ulinikwama. Ni hisia nyingine kabisa, na ukifanya zote mbili siku moja, ulimbo wa Rusizi na sufi ya nyuma ya kabati, unaona wazi kwamba hapa kuna shule mbili za ufundi zilizofikia mviringo mmoja.

Na hao ni wa kwetu tu! Jamii moja ya Araneidae peke yake ina aina zaidi ya 3,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Kuna Amerika anayefuma ngazi ndefu kwenda juu badala ya duara, kwa sababu nondo wana unga wa mabawa unaowaponyesha kwenye ulimbo, sasa yeye anawaacha waporomoke ngazi nzima huku unga unapukutika mpaka wanase. Ujanja gani huo! Kuna mwingine hukohuko, Mastophora, ameacha utando kabisa: anashika uzi mmoja wenye tone la ulimbo mwishoni, anatoa harufu ya nondo jike, dume la nondo linakuja na mahaba yake, anazungusha, anampiga nalo. Na Afrika tunao ndugu zake, Cladomelea, wanaouzungusha uzi wao hewani. Sijamwona. Nitamwona. Nikimwona hutapumzika.

Madagaska, jamani, nchi ambayo iko kwenye Bahari ya Hindi, kuna Caerostris darwini, aliyetangazwa rasmi mwaka 2010 tu, anayetupa uzi kutoka ng'ambo moja ya mto hadi ng'ambo nyingine, mita 25, na kutundika utando wake katikati juu ya maji, na hariri yake ndiyo ngumu kuvunjika kupita zote zilizopimwa. Mita 25! Nimesimama ukingoni mwa Rusizi nikijaribu kukadiria kwa macho. Nimeshindwa kuamini, nikapima kwa hatua, bado sikuamini.

Na bado! Wewe unayependa vitambaa, ambaye unaweza kukaa nusu siku dukani ukipapasa kitenge, utalia. Kisiwa hichohicho wana Malkia wao wa dhahabu, na Simon Peers na Nicholas Godley walichukua hariri ya majike zaidi ya milioni moja wakafuma kitambaa kizima, kikaonyeshwa New York mwaka 2009. Hakikutiwa rangi. Dhahabu ile ni ya buibui mwenyewe! Wakafuma na joho, lenye tarizi, likaonyeshwa London mwaka 2012 kwenye makumbusho ya Victoria and Albert. Wala wao hawakuwa wa kwanza: padri mmoja Mfaransa, Paul Camboué, alishaanza kuvuta hariri ya buibui kule Madagaska karne ya 19, na buibui walikamuliwa wakaachiwa waende zao wakiwa hai. Sasa mimi nimeshika uzi mmoja tu, mmoja, kwenye tete la Rusizi, nikaugeuza juani. Fikiria joho zima. Siwezi. Kichwa kinazunguka.

Sisi watu wa kahawa hili nalo linatuhusu. Mwaka 1948 kule Ujerumani, mtaalamu wa dawa Peter Witt aliombwa asaidie buibui wafume saa za watu kuwa macho, maana wengi hufuma usiku wa manane na mtafiti alichoka kukesha. Akawapa dawa mbalimbali. Saa hawakubadilisha, wakaidi hao, lakini tando zikabadilika! Waliopewa kafeini nyingi walivuruga mpangilio: nyuzi zimekwenda huku na huku. Kafeini, iliyomo kwenye kahawa yetu ya Kayanza na Ngozi! Kwa hiyo usimwage kikombe chako karibu na fundi.

Na wametoka nje ya dunia, hujui? Mwaka 1973 Wamarekani waliwapeleka wawili, Arabella na Anita, kwenye kituo cha angani cha Skylab, wazo la mwanafunzi wa sekondari, Judith Miles. Kule hakuna juu wala chini. Arabella alianza vibaya, akahangaika kwenye pembe za kisanduku, kisha akazoea na akafuma utando wa maana. Hao ni wa aina ya Araneus diadematus, wenye msalaba mweupe mgongoni, wanaojaa bustani za Ulaya. Kwa hiyo wewe binamu uliyeko Brussels unayenitumia picha za mvua kila siku, hebu toka nje mwezi wa Septemba utazame ua wa jirani. Na kwenye fremu ya dirisha lako, ukikuta utando wa mviringo uliokatwa kipande kimoja, kipande kile kimekosekana makusudi: Zygiella ameacha nafasi apitishe uzi mmoja wa habari mpaka kwenye maficho yake. Usifungue dirisha kwa nguvu.

Kasoro? Zipo, nisikudanganye. Utando wa kwanza niliuona kwa macho, wa pili kwa uso wote, mdomo ukiwa wazi, na ule ulimbo hautoki kwenye kope upesi. Mbu wa Rusizi hawana adabu. Viatu vitajaa matope. Nenda na suruali ndefu, na mfuate kiongozi, kwa sababu viboko niliowapa mgongo wenyewe hawajui kama wamepewa mgongo. Kuhusu buibui wenyewe ondoa hofu, hawa wafumaji wa mviringo hawana haja nawe, ukimsogelea anakimbilia juu au anajiangusha kwa uzi. Usimshike tu, gusa uzi wake.

Beba kile kichupa cha kupulizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Hiyo ndiyo siri. Kama umande umeshakauka, puliza ukungu mwembamba sana kwa mbali, na utando ambao hukuuona kabisa unatokea wote mbele yako kwa mara moja. Niliwafanyia watoto wa dada yangu, wakapiga ukelele mmoja mpaka jirani akatoka. Sasa chupa imeshapotea, na pasi inapigwa bila maji, na mimi ndiye nalaumiwa.

Kwa hiyo usinijibu "tutaona", maana nakujua. Mvua zikiisha mwezi wa Mei na kiangazi kikishika, wengi wa wakubwa hawa hawatakuwepo tena mpaka msimu ujao. Jumamosi hii, saa kumi na moja alfajiri, nakupitia, tunakwenda Rusizi, uwe umeshavaa viatu. Na kabla ya Jumamosi, leo hii hii, magharibi, zima televisheni, toa kiti uani, kaa chini ya taa. Na ule ufagio wa chelewa uweke ndani mpaka nitakapofika!